Jimu ya juu ya duka la vigae, Sinza: nimelipa, nimehesabu, sasa nasema

Jina lake silitaji. Mke wa mwenye nayo tunakaa naye mkeka mmoja kwenye misiba, na nina mengine ya kusema ambayo si mazuri. Wa Sinza mtaijua tu. Ukitoka Shekilango ukaingia ndani kidogo kuna duka la vigae, na juu yake madirisha ya alumini yenye picha ya mwanaume mwenye kifua kama mlango wa stoo. Hiyo hiyo.

Mimi ni mhasibu wa duka la nafaka la jumla Kariakoo. Nina miaka 43, watoto wawili, na naishi ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo pampu yake ya maji hufanya kazi siku inayojisikia. Ngazi ni 54. Nilizihesabu Desemba iliyopita, maji yalipokosekana siku nne mfululizo. Nilijaza ndoo moja ya lita 20 kwenye simtanki la chini nikaanza kupanda. Nilitua mara tatu, na ile ya tatu nilikaa kabisa kwenye ngazi kama mtu anayesubiri daladala. Kijana wa ghorofa ya pili akanipita na ndoo mbili, simu ameibana kwa bega, anaongea. "Shikamoo mama," akasema, wala pumzi haikumkatika. Marahaba yangu ilitoka kama filimbi iliyopasuka.

Basi lengo langu likawa hilo. Wanawake wengi niliowakuta pale walitaka tumbo liondoke au shepu ikae sawa, na kila mtu na lake. Mimi nilitaka ndoo mbili za lita 20, moja kila mkono, ngazi 54, bila kutua. Lita 20 za maji ni kilo 20, weka kama kilo moja ya plastiki na mfuniko wake, kwa hiyo kilo 42 kwa safari. Kocha aliponiuliza siku ya kwanza "Malengo yako ni yapi, mama?" nikamjibu hivyo, akacheka, halafu akaona sicheki.

Daktari naye alikuwa ameshanisema. Presha ilikuwa imeanza kuchungulia, na alinieleza kile ambacho Shirika la Afya Duniani linawaambia watu wazima: dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na zaidi ya hapo, angalau siku mbili za kazi ya misuli. Mazoezi yangu yalikuwa kutembea kutoka Gerezani hadi dukani, na ya misuli ilikuwa kushika bomba kwenye mwendokasi.

Sasa tuje kwenye pesa. Bei zao mwaka huu zilianza hivi: siku 5,000, mwezi 70,000, miezi mitatu 180,000. Binti wa mapokezi akanipigia hesabu upesi upesi: ukilipa mwezi mwezi itakuwa 210,000, ukilipa mitatu kwa mpigo umeokoa 30,000. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwakatalia wauzaji wanaoongea namna hiyo, niliipenda ile 30,000 kana kwamba nimeiokota barabarani. Nikalipa kwa simu palepale.

Januari nilikwenda mara 6. Februari mara 3. Machi Ramadhani ikaingia, nikaenda mara 2. Jumla 11. Gawa 180,000 kwa 11 upate 16,363. Yaani kila nilipopanda pale juu kutokwa jasho nililipa zaidi ya shilingi elfu kumi na sita, wakati kijana wa bodaboda aliyekuwa pembeni yangu ameingia kwa 5,000, mashine ile ile, panga boi lile lile. Nikaomba ada yangu isimamishwe wakati wa mfungo niimalizie baada ya Idi. Jibu nililopewa ni fupi: "Hairudi, haisimami, mama." Haijaandikwa popote kwenye risiti wala ukutani. Hili ni doa la kwanza, na ni kubwa, kwa sababu jimu iliyoko Sinza inajua kabisa kwamba nusu ya wateja wake watafunga.

Nilipomsimulia mtoto wa dada yangu, anayesoma uchumi pale Mlimani, alicheka mpaka nikakasirika. Akaniambia wako wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, waliofuatilia wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani kwa miaka mitatu, wakachapisha matokeo yao mwaka 2006. Waliochagua kulipa kwa mwezi, ada ya zaidi ya dola 70, walikwenda wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila safari iliwagharimu zaidi ya dola 17, na palepale mapokezini palikuwa na kadi ya safari kumi ambayo ingewapa kila safari kwa dola 10. Sikufurahi kusikia kwamba ujinga wangu unafundishwa chuo kikuu, lakini nilifarijika kidogo kwamba si wa Sinza peke yake. Mtu hulipia yule anayetarajia kuwa. Anayekuja kupanda ngazi ni huyu aliyepo, amechoka, mguu unawaka moto, na nyumbani mchicha haujachambuliwa.

Mapokezi wana daftari kubwa la kusaini, na kalamu imefungwa kwa uzi wa mfuko wa sandarusi isiibiwe. Naomba radhi, lakini mhasibu hawezi kuona daftari asilisome, hata likiwa limemgeuzia kichwa chini. Jumatatu moja ya Januari, nilipoingia saa 12 na nusu jioni, jina langu lilikuwa mstari wa 64. Mashine za kukimbilia zilikuwa na foleni, na wanaume wazima walikuwa wanaulizana "nani wa mwisho hapa?" kama kinyozi siku ya sikukuu. Jumatatu ya kwanza ya Machi, saa ile ile, nilikuwa wa 19. Hapo ndipo nilipoelewa biashara yao. Chumba kile hakiwezi kubeba watu wote waliolipa. Wakija wote siku moja, duka la vigae litapata dari mpya. Wanaishi kwa sisi tusiokuja. Siwalaumu, bei ya siku iko wazi ukutani kwa herufi kubwa kuliko zote. Ni sisi tunaoipita.

Juu ya kioo wameandika kwa rangi nyekundu: SIKU 21 TU TABIA IMEJENGEKA. Waifute. Utafiti uliofanyika chuo kikuu cha London, UCL, kwa watu 96, ulikuta wastani wa siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujilazimisha, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: wa haraka siku 18, na kuna waliokadiriwa kufika 254. Kitu nilichokipenda zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Siku ya 21 yangu mimi ilinikuta nimelala na soksi. Niliamini ile rangi nyekundu, nikadhani mwenzenu nina kasoro, na wiki nzima iliyofuata sikwenda kwa aibu. Maandishi ya ukutani nayo yana gharama.

Baada ya Idi nikabadilisha. Kila Jumapili usiku naweka kwenye bahasha noti tatu za elfu tano, zile za zambarau zenye faru. Faru watatu wa wiki. Nikienda jimu, faru mmoja anabaki mapokezi. Jumamosi jioni faru yeyote aliyebaki kwenye bahasha hupewa mume wangu, afanye atakavyo. Kwa wasiotujua: mimi Yanga, yeye Simba, na wiki ya kwanza faru wawili walikwenda kulipia kifurushi cha kuangalia mechi nikiwa nimekaa naye sebuleni. Mwanaume akawa na huruma ambayo sijawahi kuiona tangu anioe. "Mke wangu leo umechoka. Pumzika. Kesho nayo siku." Nilikuwa navaa raba huku ananionea huruma.

Aprili na mvua zake, mara 7. Mei 9, Juni 8 (mtoto aliugua), Julai 11, Agosti 12, Septemba 13, Oktoba 12. Jumla 72. Mara 72 kwa 5,000 ni 360,000. Ningelipa kwa mwezi kwa miezi ile saba ningetoa 490,000, kwa hiyo nimebakiza 130,000, na hii si ile 30,000 ya mdomoni ya binti wa mapokezi, hii ipo. Mstari wa kugawia ni rahisi: 70,000 kwa 5,000 ni mara 14. Usipofika mara 14 kwa mwezi, lipa kwa siku. Daftari lako ndilo likuambie umefika au hujafika. Moyo wa Januari usiuulize.

Kitu kingine kilichonisaidia, na hapa nawapa jimu hii alama zao, ni mahali ilipo. Nikishuka mwendokasi Shekilango napanda bajaji, na bajaji inapita mbele yake kabla ya kufika kwangu. Nilijaribu siku moja ile jimu ya kisasa iliyoko upande wa baharini, yenye viyoyozi na taulo nyeupe, shoga yangu alinialika. Nzuri sana. Sitaenda tena maisha yangu, maana ukishafika nyumbani ukavaa dera, mchezo umekwisha.

Sasa vifaa. Mashine za kukimbilia ni tano, zinazofanya kazi tatu, na umeme ukikatika jenereta inawasha taa na muziki tu. Jifunzeni kutoka kwangu: shikilia mkono wa mashine. Siku ya pili yangu umeme ulikatika nikiwa kwenye mwendo, mkanda ukasimama, mimi sikusimama. Nililikumbatia lile dude mbele ya vijana kumi na tano gizani, taa zikawaka, muziki ukawaka, mkanda kimya. Baiskeli za ndani zile mbili za zamani zisizotumia umeme ndizo nzuri kuliko zote, na hakuna anayezigusa kwa sababu hazina kioo cha namba.

Vyuma ni mchanganyiko. Baadhi ni vya dukani, vingine amechomelea fundi, na hivyo vya fundi namba zake zilishafutika. Hata zilizobaki nilikuwa na wasiwasi nazo, kwani mkono wa kulia ulikuwa unachoka kabla ya kushoto na dambeli zote mbili zimeandikwa 10. Kariakoo hatuamini uzito ulioandikwa kwenye gunia. Jumamosi moja nikaja na mzani wa kuning'iniza kutoka dukani, ule tunaopimia viroba. Dambeli ya kwanza ya "10" ilikuwa kilo 9.3. Pacha wake kilo 10.4. Kocha wa jioni akakuna kichwa. "Mama, hebu na ile pale." Tukapima ile pale. Tukaishia kupima chumba kizima kuanzia saa 9 mpaka saa 11 jioni, yeye ananing'iniza, mimi nasoma, kijana wa bodaboda anafuta vumbi kwa kitambaa. Hadi leo ukiingia utaona namba nyeupe za rangi kwenye kila chuma. Ule ni mwandiko wangu. Mwenye jimu hajasema asante, lakini pia hajazifuta.

Huyo kocha wa jioni ndiye sababu ya mimi kuandika mapitio haya badala ya kununua kamba ya kuruka. Kijana wa miaka kama 26, mwembamba, si wale wa miraba minne walioko kwenye picha ya dirishani. Siku ya kwanza alitaka nichuchumae na kuinuka, nikawa napinda mgongo kama naokota sindano. Alieleza kwa maneno ya kitaalamu, akanionyesha, akanisukuma kidogo, wapi. Halafu akanyamaza, akaniuliza, "Mama, nyumbani mnakuna nazi kwa mbuzi?" Nikamwambia tunakuna, ya kopo siipendi. "Basi shuka kama unakwenda kukaa kwenye mbuzi. Ukiikaribia, usikae. Rudi." Nikashuka. Mwili ukaelewa wenyewe: makalio nyuma, magoti yamefunguka, mgongo umenyooka, kwa sababu ukiikalia mbuzi vibaya inakuangusha na nazi yako. Miaka thelathini nimechuchumaa sawasawa jikoni bila kujua kama ni zoezi.

Kocha wa asubuhi sina neno naye, ana simu yake.

Zoezi langu kuu lilikuwa rahisi hata kulisimulia: shika uzito mkono huu na huu, tembea mpaka ukutani, geuka, rudi. Februari nilibeba kilo 7 kila upande. Mei kilo 10, zile halisi za mzani. Julai 14. Septemba 18, na hapo vidole ndivyo vilivyokuwa vinaachia, miguu bado ilikuwa inadai. "Usiangalie dambeli, angalia mlango," kila siku hilo hilo. Dambeli zao zinaishia 20, mimi nahitaji 21, na kocha ndiye aliyegundua tatizo ambalo mimi sikuliona: dambeli ina mpini mnene wa kushika vizuri, ndoo ina waya. Waya unakata. Akaleta ndoo mbili za rangi kutoka kwenye nyumba inayojengwa nyuma yao, tukazijaza mchanga kidogo kidogo juu ya mzani mpaka kila moja ikasoma 21. Mchanga ni mzito kuliko maji, haukufika hata juu, lakini mkono haujui kilichomo ndani.

Halafu tukatoka nazo kwenye ngazi. Ngazi za jimu ni 22 tu, zinaanzia pembeni ya mlango wa duka la vigae, kwa hiyo wateja waliokuja kuchagua vigae vya bafuni waliniona nikipanda na kushuka na ndoo mbili za mchanga, ushungi umelowa, mtu mzima. Mzee mmoja aliniuliza kama fundi wetu yuko juu. Huku ngazini nikajifunza jambo jingine. Chini penye tambarare ndoo unaiacha ining'inie, ila kwenye ngazi inagonga, kwa sababu ngazi iliyo mbele imeshapanda na mkono wako haujapanda. Lazima uinue mabega na ukunje viwiko kidogo muda wote, na kazi yote inahamia shingoni. Wiki nne nzima kocha akanipa kazi ya kupandisha mabega, kama mtu anayesema "sijui" mara sitini.

Malalamiko yangu mengine niyamalize. Saa za akina mama ni saa 4 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Ni akina mama gani hao? Nimeuliza mara mbili. Wanaofanya kazi wako kazini, wasio na ajira wako sokoni au wanapika, na saa hizo nilipopita siku ya likizo nilikuta mwanamke mmoja na mfagiaji. Wangetupa hata saa moja ya Jumamosi. Mimi nafanya na ushungi wangu, suruali pana na fulana ya mikono mirefu, sijasumbuliwa na mtu, vijana wana adabu kuliko wanavyoonekana. Lakini nina wenzangu watatu jengoni kwetu ambao wasingekosa kama kungekuwa na saa ya jioni ya wanawake peke yao. Hao ni faru tisa kwa wiki mnawaacha mitaani.

Bafu la wanawake maji yake hutoka kwa kudra. Makabati hayana kufuli, uje na yako. Vijana hukaa kwenye benchi wakijipiga picha kati ya seti na seti, dakika saba kwa saa yangu, na ukimwambia "mwanangu, niachie kidogo nikae" anaruka kama amekalia siafu, kwa hiyo semeni, msinung'unike pembeni. Muziki ni singeli kuanzia saa 12 jioni. Wengine wanalalamika. Mimi naona singeli ndiyo inayonifikisha ukutani, ile kasi yake haikupi nafasi ya kuwaza.

Na hilo kopo la unga wa protini linalouzwa mapokezi, ambalo binti hukuuzia kwa sauti ya kunong'ona kama dawa ya mapenzi, bei yake ingenilipia zaidi ya miezi miwili. Nilimuuliza kocha pembeni. Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia ugali, dagaa, maharage, mayai, mtindi nikipata. Akasema, "Ongeza dagaa, mama," akaondoka kabla binti hajamsikia.

Mizani ya mwili, kwa mnaotaka kujua: kilo 3 zimepungua tangu Januari. Tatu. Shoga zangu wanasikitika kwa niaba yangu. Presha mara mbili zilizopita ilikuwa mahali pake, na daktari aliandika kitu bila kuniangalia, ambayo kwake ni pongezi.

Jumamosi ya tatu ya Oktoba pampu ikafa tena. Mume wangu akasema tumwite kijana wa mkokoteni apandishe, nikamwambia subiri. Nilijaza ndoo mbili mpaka juu, nikafunga mifuniko, nikavaa raba zile zile. Ghorofa ya kwanza nikaipita kama nasindikizwa. Ngazi ya 30 vidole vya kushoto vikaanza kuniambia habari zao. Kwenye kona ya ghorofa ya pili mlango ukafunguka, yule kijana wa simu akatoka na ndoo tupu mkononi, akanipisha ukutani. "Shikamoo mama." Nikamjibu "Marahaba, hujambo, wazima huko ndani?" Sentensi nzima, na ndoo zote mbili ziko hewani. Nilikuwa nimeiandaa tangu Desemba. Ngazi ya 54 nikasukuma mlango kwa mguu, nikatua jikoni, na mfuniko mmoja ambao sikuufunga vizuri ukamwaga kama lita mbili kwenye unga wa ugali uliokuwa kwenye sinia. Mume wangu akautazama unga, akanitazama mimi, akasema, "Kwa hiyo jimu basi sasa? Au bado?" Alikuwa anawaza bahasha.

Bado. Lakini Novemba tarehe 1 nimekuta bango jipya mapokezi. Siku imepanda kuwa 6,000, mwezi umebaki pale pale 70,000. Nikatoa simu nikapiga hesabu nimesimama. Mstari sasa si mara 14, ni 12. Mimi kwa miezi mitatu nimekuwa nikienda 12, 13, 12. Kwa kulipa kila siku ningetoa 72,000 mpaka 78,000. Namba zilisema lipa mwezi, na mimi nikibishana na namba nitafanya kazi gani? Nimelipa 70,000, faru wote wameondoka siku moja, bahasha iko tupu kwenye droo, na mume wangu ameacha kuniambia nipumzike kwa sababu hana tena cha kusubiri.

Nyota tatu na nusu. Nusu ni ya kocha wa jioni.

Leo ni tarehe 14. Nimekwenda mara 4.